Pilau ya Idi Haina Kesi ya Kujibu

Jumamosi jioni Dar es Salaam hunukia nyama. Kuanzia Sinza mpaka Mbagala majiko ya choma yanafuka moshi, wakaanga chipsi wanamimina mayai juu ya viazi, soda na bia zinatolewa frijini zikiwa zinatiririka maji. Akitokea mmoja wa kutaja presha au sukari, wenzake humnyamazisha kwa maneno mawili: kufa kupo. Sisi tunaoandika habari za afya tumezoea kuyachukulia maneno hayo kama ukaidi. Mimi nayaheshimu. Mtu aliyeshinda wiki nzima akibeba mizigo Kariakoo, au akibishana na abiria mlangoni mwa daladala, ana haki ya jioni moja ya kukaa na wenzake, ale kilichochomwa kikachomeka, acheke mpaka mbavu zimuume. Ukimwahidi miaka kumi ya ziada isiyo na jioni kama hiyo atakuuliza ni ya nini, na atakuwa ameuliza swali la haki.

Wapo pia wanaosema siku zetu zimeandikwa. Nami naamini hivyo. Lakini tunaamini hivyo na bado tunalala ndani ya neti, tunapeleka watoto kliniki kuchanjwa, na tunatazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka Barabara ya Morogoro. Imani haikutuzuia kujikinga na malaria. Sioni kwa nini ituzuie kujikinga na kiharusi.

Kinachonisumbua ni kingine. Tumelijadili jambo hili kama vile starehe iko upande mmoja na umri mrefu uko upande wa pili, na kila mtu achague upande wake. Ukiangalia ushahidi uliokusanywa hapa hapa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 30, utaona kwamba tunaushitaki utamu usiohusika. Vinavyotumaliza ni vile tunavyovila kila siku bila hata kuvisikia mdomoni, wakati sherehe ndiyo inayobebeshwa lawama.

Tuichukue siku ya kawaida ya mtu asiyejiona mlafi. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili. Saa nne, chai nyingine ya namna hiyo hiyo kazini. Mchana, wali na maharage kwa mama lishe, na soda ya kushushia. Usiku, kabla ya kulala, chai tena. Kijiko cha chai cha sukari, kikiwa kimesawazishwa, kina gramu 4 hivi. Vijiko tisa ni gramu 36. Soda aina ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi. Jumla yake ni gramu 73. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati tunayokula, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, na likasema itafaa zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Mtu wetu ameshapita kiwango hicho na andazi bado hatujalihesabu.

Sasa katika siku hiyo nzima, starehe ilikuwa wapi? Muulize baada ya saa moja ile chai ya saa nne ilikuwa na ladha gani. Hana la kusema. Aliinywa kwa sababu saa nne ilifika. Soda aliiagiza kwa sababu ndiyo inayoagizwa. Chumvi ni hivyo hivyo: kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kwa pamoja, na sisi tunaitia kwenye maharage, tunaongeza kidonge cha mchuzi ambacho nacho kimejaa chumvi, tunainyunyiza juu ya chipsi, tunaikoroga kwenye kachumbari, kisha tunamega nyama na kuichovya kwenye kilima cha chumvi kilichowekwa pembeni ya sinia.

Linganisha na pilau ya Idi. Akina mama wameamka kabla ya adhana, bizari inatwangwa, kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe cha kahawia, nyumba nzima inanukia mpaka kwa jirani. Watu wanakula, wanaongeza, wanalala wameshiba. Hiyo ni siku mbili kwa mwaka. Hata ukiongeza Krismasi, Pasaka, harusi za wapwa na maulidi ya mtaani, hesabu inabaki ndogo mbele ya vile vikombe vya chai vinavyozidi 1,000 kwa mwaka. Na bado mtu akirudi hospitali na karatasi ya vyakula alivyokatazwa, jambo la kwanza ndugu zake kumnyang'anya ni sahani ya pilau. Chai yake ya vijiko vitatu haiguswi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anapaswa kuwa mwangalifu hata siku ya sikukuu, hilo sibishi. Lakini kwa wengi wetu, pilau ya Idi haina kesi ya kujibu.

Miaka ya 1980 mtafiti Mwingereza Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo, wengi wao vijana, waliokuwa wakihama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema, ndani ya miezi ya mwanzo. Mikojo yao ilionesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mboga za majani, maharage, ndizi na viazi vitamu, na husaidia mwili kutoa chumvi. Uzito nao ulikuwa umepanda.

Tafakari ni akina nani hao. Walikuwa watu wanaotafuta kazi, wanaolala kwa ndugu, wanaohesabu nauli. Hawakwenda Nairobi kufanya anasa. Presha yao ilipanda wakila chakula cha kawaida cha mjini, kile cha kujaza tumbo ili kesho iweze kufika. Kila nikiusoma utafiti huo nahisi uchungu, kwa sababu wamelipa gharama ya anasa bila kuionja anasa yenyewe.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walisajili kila kiharusi kipya kilichotokea katika maeneo mawili: wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Taarifa yao ilitoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316.

Karibu mara tatu. Na Hai si mahali pa watu waliojinyima. Aliyewahi kualikwa Machame mwezi Desemba, watoto wa ukoo wanaporudi kutoka mijini, anajua mbuzi wangapi huchinjwa, anaijua mbege na mtori na ndizi zilizopikwa na nyama ya mafuta. Sisemi kwamba mbege ni kinga ya kiharusi. Tofauti kama hiyo ina mizizi mingi: uzito, mwendo wa kupanda na kushuka mlima, chumvi, na hasa presha isiyojulikana wala kutibiwa, ambayo kote kuwili ilikuwa tatizo. Ninachosema ni kwamba watu wanaojua kusherehekea hawakuwa ndio walioanguka zaidi.

Ni vema pia kukumbuka tulikotoka. Mwaka 1989 timu ya Donald McLarty, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Muhimbili, iliripoti kwamba katika vijiji ilivyovipima nchini kisukari kilikuwa chini ya asilimia moja ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9 wana kisukari na asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Njia za kupima zilitofautiana, na uchunguzi wa pili uligusa miji na vijiji pamoja, lakini hakuna daktari wa wodini atakayekuambia kwamba ongezeko hilo ni la karatasi tu.

Hapa ndipo "kufa kupo" inapoanza kuyumba. Anayeitamka huwa anafikiria kifo cha ghafla: amekula, amelala, hakuamka. Kiharusi mara nyingi hakiji hivyo. Kinamwacha mtu hai, upande mmoja umepooza, ulimi mzito, machozi karibu. Aliyekuwa akifungua duka saa kumi na mbili asubuhi sasa anageuzwa kitandani na binti yake aliyeacha kazi ili amuuguze. Mke anauza kiwanja. Wajomba wanaitwa kikao cha kuchangishana. Mtu aliyesema maisha ni yake mwenyewe akala anavyotaka anagundua kwamba gharama imegawanywa kwa watu sita au saba ambao hawakuulizwa.

Na jambo moja watu wa starehe wanalifahamu kidogo mno: wengi waliopata kiharusi hupoteza, kwa muda au moja kwa moja, uwezo wa kumeza sawasawa. Wanalishwa uji mzito kwa kijiko, taratibu, wasije wakapaliwa. Kwa hiyo mimi anayependa kula ndiye nimwombaye zaidi ajilinde. Ulimi wake na koo lake ndivyo vilivyo hatarini.

Nikisema haya huwa naletewa mzee. Kila mtaa unaye. Ana miaka 88, anavuta sigara tangu enzi za mkoloni, anatembea mwenyewe mpaka msikitini na anasoma gazeti bila miwani. Wafaransa wana wao anayejulikana dunia nzima, Jeanne Calment wa mji wa Arles, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, umri mrefu kuliko wote uliowahi kuthibitishwa, ingawa wapo walioutilia shaka. Alivuta sigara kwa miongo mingi, alipenda chokoleti na mvinyo mtamu. Basi, huulizwa, huyo naye mnasemaje?

Nasema tumuulize mzee wa mtaani wako wapi aliokuwa akivuta nao. Kwenye baraza tunamwona yeye kwa sababu yeye ndiye aliyebaki. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza kama wanavuta, kisha madaktari wanaume 34,439 wakafuatiliwa kwa miaka 50. Hesabu ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2004, ilionesha kwamba waliovuta bila kuacha walipoteza wastani wa miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa mitatu. Wa miaka 50, sita. Wa miaka 40, tisa. Na walioacha wakiwa na miaka 30 walirudishiwa karibu yote kumi. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona matokeo ya awali. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92.

Ndiyo maana katika makala hii inayotetea utamu, sigara siitetei. Pilau ina siku yake na nyama choma ina jioni yake, lakini sigara haina Idi yake. Inataka kila siku, mara nyingi kwa siku, na baada ya muda sehemu kubwa ya raha yake ni kutuliza hamu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Zikiuzwa mojamoja vibandani, bei yake ndogo inamfanya kijana asione anachonunua.

Pombe iko katikati, na sitakaa nayo sana. Imewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani tangu mwaka 1988, na hatari yake hukua kadiri kipimo kinavyokua. Anayekunywa bia mbili Jumamosi amejiingiza kwenye hatari ndogo, kwa hiari yake, na mimi si hakimu wake. Anayekunywa nane kisha akapanda bodaboda kurudi nyumbani usiku ameingia kwenye hesabu nyingine kabisa, na ini lake halina muda hata wa kuugua.

Nirudi kwenye chakula, kwa sababu huko kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Ulimi hufundishika. Mtu akipunguza chumvi kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa hadi miezi michache, kile alichokuwa akikiona kitamu zamani kitamjia kikali mno. Vivyo hivyo na sukari ya chai: ukitoka vijiko vitatu ukaenda viwili na nusu, kisha viwili, hakuna siku utakayoomboleza. Utaanza kuusikia mchaimchai na iliki uliyokuwa ukiitia miaka yote bila kuisikia. Nani anaweza kusema huyo amepunguziwa starehe?

China walifanya jaribio kubwa katika vijiji 600, likihusisha watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wameshapata kiharusi. Katika nusu ya vijiji hivyo chumvi ya jikoni ilibadilishwa na chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloraidi ya potasiamu. Watu waliendelea kupika vyakula vyao vile vile. Baada ya karibu miaka mitano, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, viharusi vilikuwa pungufu kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Chumvi ya namna hiyo haiwafai wenye ugonjwa wa figo, kwa hiyo mtu asiikimbilie bila kumuuliza daktari. Lakini fikiria maana yake: hakuna aliyeambiwa aache chakula cha mama yake.

Mapishi ya pwani hayahitaji hata kusubiri chumvi mpya. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi: hivyo vyote vinaamsha ulimi. Mpishi aliyezoea kuvitumia anaweza kukata nusu ya chumvi na wageni wasigutuke. Kidonge cha mchuzi kimetufanya tusahau ufundi ambao bibi zetu walikuwa nao mikononi.

Ugumu uko kwenye ukarimu. Mgeni akiingia, mtoto hutumwa dukani kuleta soda, na ukimpa maji matupu unaonekana umemdharau. Mgeni naye akikataa, anaambiwa, "Shemeji, hata soda jamani? Umetususia?" Anakunywa ili asiudhi. Nyumba ya pili anakunywa tena. Mwenye kisukari akienda kutembelea ndugu Jumapili anaweza kurudi akiwa amekunywa chupa tatu ambazo hata moja hakuitaka. Hapo siwezi kumlaumu mgeni, maana adabu zetu zimemfunga. Mwenyeji ndiye mwenye mamlaka. Akitangulia kuleta dafu, au chungwa lililomenywa, au maji yenye ndimu na barafu kwenye jagi zuri, heshima inakuwa imetimia na hakuna anayehesabu chupa. Kamati za harusi zinazopanga bajeti ya kreti nazo zinaweza kulifikiria hilo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao unanigusa zaidi ya wote, nao ni wazee. Bibi wa miaka 86 ana kisukari. Wanawe wanampenda, wamesoma karatasi ya daktari, wameondoa sukari kwenye chai yake, wamemkataza tende wakati wa Ramadhani na kipande cha keki kwenye harusi ya mjukuu. Analia kimyakimya, au anaiba. Nadhani hapo mapenzi yamekosea njia. Hata Chama cha Kisukari cha Marekani, ambacho hakijulikani kwa ulegevu, kinaelekeza kwamba kwa wazee waliodhoofika kiwango cha sukari katika damu kinachotakiwa kilegezwe, kwa sababu madhara ya kubana sana, hasa sukari kushuka ghafla, yanaweza kuzidi faida ambayo mtu huyo ana muda wa kuipata. Keki ya harusi ya mjukuu wake haitamwongezea wala kumpunguzia miaka 20. Wanawe wazungumze na daktari wake, na siku ya harusi wampe kipande chake.

Hoja hiyo ya bibi haiwezi kuazimwa na mwanawe wa miaka 45 mwenye kitambi, anayevuta na kupitisha mwaka mzima bila kupima presha. Yeye ndiye mwenye miaka mingi ya kupoteza, ana watoto wanaosoma, na katika umri wake kila badiliko dogo lina muda wa kuzaa faida. Simwombi aache supu yake ya Jumapili asubuhi. Namwomba aache sigara, apunguze kijiko kimoja cha sukari kwenye kila kikombe, asiongeze chumvi mezani, na ajue namba zake za presha. Shinikizo la damu haliumi wala halitoi dalili mpaka siku linapofanya madhara, na dawa zake za kawaida ni za zamani na si za bei kubwa. Kipimo hakifiki dakika tano, na kinapatikana kwenye zahanati na maduka mengi ya dawa yaliyoko njiani kuelekea huko kwenye supu.